Kamati ya Kuchunguza Kama Kampasi Inahitajika

Kwa mamlaka niliyopewa kama katibu, nawatangazia wananchi wote, walio macho na waliolala, kwamba Kamati Maalumu ya Kuchunguza Kama Kampasi Mpya ya Chuo Kikuu cha Umma Inahitajika imekamilisha kazi yake. Tulipewa miezi mitatu. Tuliitumia kwa miaka sita bila kupoteza hata siku moja.

Wapo wenye domo wanaosema tulikuwa tunapunga upepo. Hawajui uzito wa utafiti. Mwaka wa kwanza tulichagua rangi ya jalada la ripoti. Mwaka wa pili tuliibadili.

Kiini cha utafiti kilikuwa fomu. Mwenyekiti wetu, mzee mwenye kitambi cha heshima na kiti cha kuzunguka, aliuliza swali la msingi: mtu ambaye hajawahi kukanyaga chuo kikuu atajuaje kama anakihitaji? Hatukuwa na jibu, tukapiga makofi. Ndipo tulipopitisha Kanuni ya Saba: maoni juu ya chuo kikuu yatapokelewa kutoka kwa mwenye shahada tu, naye aambatishe nakala ya cheti.

Vijana elfu nne na ushee walileta fomu bila vyeti. Tukazirundika stoo. Wahitimu mia mbili na kumi walijaza ipasavyo. Tuliwauliza kama wanahitaji chuo kikuu, wote wakajibu hapana, wameshamaliza. Mmoja aliongeza kwamba asingependa kurudia. Utafiti ulikuwa umesema.

Fomu hizo zilipokelewa dirishani na binti wa mpika chai wetu, mama ambaye ofisi nzima humwita Shangazi. Binti alikuwa amefaulu sekondari vizuri mpaka inakera. Vyuo vilivyopo vilikuwa vimejaa pomoni, na matokeo yake yangekoma kutambuliwa mwisho wa mwaka wetu wa sita. Baada ya hapo angeanza upya au asahau. Siku moja Shangazi alitua birika mezani kwangu.

"Mwanangu, hiyo kampasi ipo au haipo?"

"Shangazi, ipo katika hatua."

"Hatua gani?"

"Ya kutokuwepo."

Akanimiminia nusu kikombe. Nilimwonea huruma kwelikweli, ila huruma haikuwa kwenye ajenda.

Jumatatu tulikutana kutia saini, maana waziri aliitaka ripoti Ijumaa. Binti wa Shangazi akaingia na fomu tisa, akaweka moja mbele ya kila mjumbe, mimi nikiwemo.

"Za nini hizi?" aliuliza mwenyekiti.

"Sehemu ya mwisho ya ripoti ni Maoni ya Wajumbe, mzee. Maoni juu ya chuo kikuu. Kanuni ya Saba inataka cheti."

"Hata mimi, mwanangu?"

"Hata wewe, mzee. Nimezikataa fomu za vijana elfu nne kwa kanuni hiyohiyo. Na fomu yangu niliipeleka stoo mwenyewe."

Mwenyekiti alikohoa. "Vyeti vyangu viliungua."

"Na vya wenzako wanane?"

"Tulikuwa tumevihifadhi pamoja."

Wajumbe wenzangu walitikisa vichwa kwa majonzi. Mimi niliichunguza dari, nikaona kweli inahitaji rangi.

Tulikaa kikao cha dharura mpaka chai ikapoa. Kanuni ikibaki, Maoni ya Wajumbe hayana wa kuyatoa, na ripoti haina wa kuitia saini. Kanuni ikifutwa, fomu za stoo zitahesabiwa. Mwenyekiti akaona heri zihesabiwe fomu za vijana kuliko kuulizwa vyeti vya wazee, na kanuni ikafutwa kwa kauli moja. Waliosema kampasi inahitajika: elfu nne mia tatu na kumi na sita. Waliokataa: mia mbili na kumi. Kampasi ikapita.

Kwa kuwa mimi ni katibu mwaminifu, niliandika na habari za moto uliounguza vyeti kwenye muhtasari.

Waziri alisoma, akasikitika mno. Alisema serikali haiwezi kuwaacha wasomi wake tisa watembee bila cheti hata kimoja. Akaamuru ofisi zetu zigeuzwe madarasa ya kuanzia mwezi huohuo, na sisi tuwe wa kwanza kudahiliwa, pamoja na vijana wote ambao matokeo yao bado yanatambulika. Kwanza kungekuwa na mtihani mdogo tu wa kuingilia.

Leo tumeufanya, katika ukumbi wetu wa mikutano. Binti wa Shangazi alikaa mbele, kalamu haipumziki. Nyuma yake alikaa mwenyekiti, kwenye kiti cha kawaida, na nyuma ya mwenyekiti nilikaa mimi.

"Mwanangu," mwenyekiti alinong'ona, "la tatu umeandika nini?"

Binti alifunika karatasi yake kwa kiganja. "Andika unachojua, mzee."

Mwenyekiti akageuka taratibu, akanitazama mimi. Nami muda wote huo nilikuwa namtegemea yeye.