Mdudu wa Zizini Aliyepewa Jina la Mama Mkwe Wangu

Stanslaus Maduhu,
kwa sanduku la barua la parokia,
Ushirombo, Bukombe.

Kwa Mhariri,
Jarida la Wadudu Wapya.

YAH: KUMVUA MDUDU JINA LA MAMA MKWE

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima, pamoja na wadudu wote unaowahariri. Kichwa cha barua hapo juu kinanihusu kuliko ninavyopenda, basi niruhusu nikueleze.

Mwaka jana alikuja kwetu Daktari Apolonia, mtaalamu wa wadudu. Alilala kwa mama mkwe wangu, akala kwake, na mchana alishinda zizini kwangu akichekecha samadi ya ng'ombe kwa chekeche la unga. Humo akampata mdudu mwembamba, mweusi, ambaye hakuna msomi aliyekuwa amemwandika. Sisi tulimjua siku zote. Hatukujua kwamba hajulikani. Ili kumshukuru mama mkwe kwa ugali na maziwa, Daktari akampa mdudu jina lake.

Jina hilo utaliona mwenyewe katika jarida lako. Mimi siwezi kuliandika hapa, kwa kuwa kwetu mkwe halitamki jina la mama mkwe. Nikikutana naye njiani nachepuka majanini, natazama chini, namwamkia nikiwa mbali hivyo hivyo. Hata akiwa na neno la kuniambia, humwambia mtu wa tatu, nami nalisikia kama kwa bahati.

Jarida lilipofika, mama mkwe alichinja mbuzi akaiita jumuiya nzima ya kanisa, maana yeye ndiye mwenyekiti wake, waje wasikie alivyosifiwa. Mwalimu Kalisti wa shule ya msingi akasimama kututafsiria Kiingereza chenu. Kutokana na siku hiyo nina malalamiko yafuatayo:

1. Mavazi. Mliandika kwamba mabawa yake ya juu ni mafupi mno, "yanaacha sehemu kubwa ya tumbo wazi." Mama mkwe wangu ndiye anayewarudisha wasichana nyumbani kutoka mlango wa kanisa kwa sababu ya sketi. Mwalimu aliposoma hapo, watu waliacha kutafuna.

2. Tabia. Mliandika kwamba taya zake ni ndefu na zinapishana, na kwamba akiguswa huinua mkia na kutoa harufu kali, "hata pasipo sababu ya kutosha." Halafu mwishoni mkamshukuru "Bwana Stanslaus Maduhu kwa maelezo yake ya kina kuhusu tabia." Ndugu Mhariri, mimi nilieleza tabia za mdudu, tena kabla hajapewa jina. Lakini nani ataniamini? Hakuna aliyethubutu kuwa mtu wa tatu, kwa hiyo mama mkwe akaiambia sufuria ya pilau kwamba kumbe miaka yote hii alikuwa anamlisha nyoka, na kwamba binti yake harudi kwa nyoka huyo hadi maneno yale yafutwe. Binti yake ni Klara, mke wangu. Tangu siku hiyo nakoroga chai mwenyewe, inakuwa ama maji ama asali. Sitaki kukuficha, nina upweke, na ninamkumbuka mke wangu hata anaponigombeza.

3. Samadi. Wadudu hawa wamejaa zizini. Nikichota samadi kwa koleo nipeleke kwenye mahindi, ninamchota nani? Nimeacha kuchota. Lundo limefika kimo cha ng'ombe, na ng'ombe mmoja amelipanda, anatazama barabara ya Kahama.

4. Wachimbaji. Marwa, mchimbaji mwenye duara lake, yaani shimo la dhahabu, kule Geita, alipoliona lundo lisiloguswa alisema hakuna mtu anayelinda mavi bure, wala hakuna daktari anayeyachekecha bure. Sasa amepiga kambi kando ya zizi na makarai yake, anasubiri nisinzie. Nimemweleza kwamba ninachokilinda ni heshima ya mama mkwe. Akanijibu kwamba hata kwao wenye dhahabu husema hivyo hivyo.

5. Kuku. Kuku wangu huwadonoa wadudu hawa kutwa nzima. Ili nimpate Klara, adabu inanitaka nimpelekee mama yake kuku wa kuomba msamaha. Akimla kuku aliyemla mdudu mwenye jina lake, atakuwa amekula nini? Nilimuuliza katekista Valerian, akanituma kwa Mwalimu Kalisti. Mwalimu Kalisti akanituma kwako.

6. Ukweli. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Naapa kwamba hakuna mfanano hata chembe kati ya mama mkwe wangu na mdudu huyu. Mama mkwe ana kichwa cha wastani. Taya zake zinakutana vizuri. Hainui kitu chochote. Mtu yeyote mwenye akili timamu akiwaona hawezi kuwachanganya, awe na usingizi au awe amekunywa.

Kwa hiyo naomba mdudu apewe jina la mama mkwe wako wewe, Ndugu Mhariri, kwa kuwa yeye yuko mbali na Mwalimu Kalisti. Ikishindikana, mdudu aandikwe upya: mpole, anayenukia, mwenye mabawa yanayofika chini ya magoti. Na hilo likishindikana, Daktari arudi atafute mdudu mwingine mwenye heshima zaidi. Hata akikaa mpaka mavuno tutamlisha, ila safari hii alale kwingine.

Nisalimie familia yako, wachapaji, na wataalamu wote ambao wadudu wao bado hamjawakubali. Mimi na ng'ombe hatujambo, isipokuwa yule wa juu ya lundo.

Wako mtiifu, na mkwe wa watu kwa sasa,

Stanslaus Maduhu

N.B. Bahasha ilikuwa tayari imetiwa gundi nilipotoka kuwafungulia ng'ombe. Katikati kabisa ya njia nikamkuta mdudu mmoja. Akasimama, akainua mkia. Mwili wangu ukafanya kazi peke yake: nikachepuka majanini, nikatazama chini, nikasema, "Shikamoo mayu," kama tunavyowaamkia mama zetu huku. Kisha nikabaki pale nikisubiri marahaba.

Nyuma yangu alikuwa Klara, amekuja kuchukua nguo zake zilizobaki. Alicheka mpaka akaketi juu ya samadi, bila kujali anamkalia nani. Alipopata pumzi akasema tangu azaliwe hajasikia mtu akimweleza mama yake vizuri kama jarida lako. Sasa yuko jikoni, na nguo amezirudisha sandukuni.

Basi, Ndugu Mhariri, jina liache, na maelezo usiyaguse hata nukta. Barua hii nimempa Marwa aipeleke posta ya Geita. Kwa malipo nimemruhusu alichekeche lundo lote, mradi kila karai alimwage kwenye mahindi yangu. Na tafadhali usinijibu. Barua zinazoingia parokiani hupokelewa na mwenyekiti wa jumuiya, naye huzisoma kwanza.