Ombi la Kumnyamazisha Mume Wangu Hadi Nyumba Inunuliwe

Kanamkemer, Lodwar
Agosti 2013

Kwako Mchungaji Lochakapong,

Ejok, Mchungaji, na Bwana asifiwe. Mimi ni Chepkemoi, mke wa Ochola wa ofisi ya maji, yule anayeitikia "Amina" kabla hujamaliza sentensi. Nakuandikia kwa heshima kubwa kulalamika kuhusu mahubiri yako ya ukweli. Yanatuharibia biashara.

Kama ujuavyo, Ochola amehamishiwa Kitale na tunauza nyumba. Kuitayarisha nilihangaika mimi. Nilikata miiba ya mathenge uani, nikahamisha mbuzi, nikapaka kuta rangi ya maziwa, nikashusha picha zetu za harusi ili mnunuzi ajione yeye sebuleni. Tangu serikali ya kaunti ianze, watu wanatafuta nyumba Lodwar kama wanavyotafuta maji. Kilichobaki ni mwenye nyumba kufunga mdomo, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Mnunuzi wa kwanza, karani aitwaye Gitau, alisifu ukuta wa chumba cha kulala. Mume wangu akamwambia, "Asante, ndugu. Ufa uko hapa chini ya rangi. Weka kidole." Gitau akaweka kidole. Kidole kikaingia.

2. Wa pili alikuwa Shiko, muuza vitambaa wa Kakuma. Siku aliyopanga kuja, nilimtuma Ochola Kakuma akamsalimie rafiki yake Chol, nikajiona mjanja. Kumbe walikutana stendi ya huko, Ochola akishuka, Shiko akiwa ameshapanda gari. Ochola aliposikia mama huyu anakwenda kuona nyumba Kanamkemer, akamwambia dirishani, "Mama, lagga ile ya nyuma, lile korongo kavu, ikijaa maji ya mvua, sebule yetu ni bwawa. Kilichokosekana ni samaki tu." Shiko akashuka. Alinipigia simu kunipongeza kwa kupata mume mwema.

3. Alipokuja Jeptoo, muuguzi, nilimfungia Ochola bafuni kwa nje. Najua, Mchungaji. Tulipopita mlangoni, sauti ikatoka ndani: "Dada, usinunue bila kubadilisha kitasa hiki, hakifunguki!" Kitasa kilikuwa kizima kabisa! Jeptoo alicheka hadi akakaa chini. Ikabidi nimfungulie, naye akamtembeza nyumba nzima: bati linalovuja, nge wanapopenda kulala, yote. Jeptoo akasema atafikiria, akaenda.

Sicheki, Mchungaji. Nyumba isipouzwa mwezi huu, Ochola atakwenda Kitale peke yake, nami nitabaki hapa na watoto nikilinda ufa. Jana nilikaa kwenye sebule ile tupu nikalia, na yeye akaja kunibembeleza kwa kunieleza kwamba hata mimi ningekuwa mnunuzi, nisingeinunua.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, usimamishe mahubiri ya ukweli hadi tupate mnunuzi. Hubiri juu ya Nuhu. Hapana, usiguse mafuriko. Hubiri juu ya uvumilivu. Pili, umwekee Ochola mfungo wa maneno kila mgeni anapoingia uani. Akishindwa, mtume akahubiri injili Todonyang, mbali na wanunuzi. Na akirudi bado mkweli, mtenge na ushirika kwa kosa la kuzidisha.

Msalimie Mama Mchungaji, akina mama wa kwaya, wazee wa kanisa na majirani wote wa upande huo. Ukimwona Ochola kabla yangu, msalimie pia, lakini usimuulize chochote. Atakujibu.

Ni mimi muumini wako mwenye uchungu,
Chepkemoi

Baada ya sahihi: Jeptoo amerudi sasa hivi na kaka yake fundi. Anasema amezunguka mji mzima na kila nyumba aliambiwa haina tatizo, akaogopa. Yetu anaijua ugonjwa wake wote, na anainunua. Basi ichome barua hii, uendelee kuhubiri. Jumamosi ya wiki ijayo tunakwenda Kitale kuangalia nyumba ya kununua. Mwenye nyumba hiyo ameniambia kwa simu haina kasoro hata moja. Mchungaji, huko Kitale humjui mchungaji yeyote? Mwombe Jumapili hii ahubiri ukweli, tena kwa nguvu.