Benki ya Paa na Meko Yapanda Milimani

Miludi alikuwa ametoka kunyimwa mkopo wa nyumba, na amenyimwa kwa adabu kubwa sana. Kijana mwenye tai alimpa kiti, akampa maji, akamuuliza mshahara wake. Miludi akasema yeye ni mfanyabiashara. Kijana akauliza anafanya biashara ya nini. Hapo mazungumzo yakakosa ladha, maana Miludi alikuwa akiuza viwanja visivyokuwepo, mwaka juzi viza za Kanada, na kabla ya hapo dawa ya kuotesha nywele ambayo ilimfanya ahame Kazablanka kabisa.

Sasa alikaa kwenye mgahawa mkabala na benki hiyo, ya pekee katika mji ule wa chini ya milima, mbele yake bilauri ya chai ya mnanaa ambayo hakuwa na nia ya kuilipia. Mawazo yalikuwa mjini Meknes. Mkewe Ghizlane alikuwa amerudi kwa mama yake huko, na ameapa harudi mpaka Miludi aweke malipo ya kwanza ya nyumba ya vyumba viwili, kabla ya Maulidi, la sivyo kaka zake watakuja kuidai talaka kwa niaba yake. Nusu ya malipo hayo Miludi alikuwa nayo, ameifunga kiunoni chini ya fulana. Nusu nyingine ilikuwa bado mifukoni mwa watu wengine.

Akiwa hapo, mlango wa benki ukafunguka, wakatoka watu wa milimani, majoho ya sufu mpaka miguuni, nyuso zimewashuka. Mmoja, mzee mwenye masharubu meupe, akaketi meza ya jirani.

"Vipi, ami," Miludi akamwambia. "Wamekunyima?"

"Wanataka hati ya shamba," mzee akajibu. "Shamba la ukoo halina hati. Lina ukoo."

"Na mshahara?"

"Mbuzi wangu hawajaanza kunilipa."

"Kwani kwenu hakuna wa kuwakopesha?"

"Yupo mmoja, Haji Bnaser mwenye duka. Ukikopa kwake gunia la unga, unarudisha gunia na kondoo wa kulisindikiza. Kutoka kwake mpaka hapa benki ni nusu siku ya lori, na katikati ni mawe matupu."

Mzee huyo alikuwa Bassou, mukadamu, yaani mkuu, wa kijiji cha Ait Uzru. Alikunywa chai yake, akailipa, na kwa wema wake akailipia na ya Miludi. Mtu mwingine angeona haya. Miludi aliona soko. Bonde zima la watu wanaotamani benki, na hakuna benki ya kuwadhulumu! Alijisikia kama mtu aliyeitwa kutoa huduma.

Siku ya soko la Jumanne, Benki ya Paa na Meko ilipanda milimani juu ya lori la mbolea. Benki yenyewe ilikuwa mkoba wa mtumba, tai ya kijani, mhuri, na Miludi.

"Mabwana na mabibi!" alitangaza akiwa juu ya kreti la soda. "Benki nyingine zinataka nyinyi mziendee. Sisi tumewafuata! Hati hatutaki. Mshahara hatutaki. Tunataka ada ndogo tu ya kufungua faili, na mwezi haujaandama, mkopo wa nyumba huu hapa!"

Watu wa Ait Uzru walimsikiliza wakitazama viatu vyake, ndivyo wanavyosikiliza. Haji Bnaser, mnene, mweupe wa unga, akauliza akiwa mlangoni pa duka lake:

"Na riba je?"

"Riba, Haji? Mwenyezi Mungu atuepushe! Sisi tunatoza shukrani tu."

Watu wakacheka, Haji akanuna. Mambo yalikuwa yananoga. Ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mayai, mjane, jina lake Itto, akanyanyuka.

"Kaka wa benki. Hiyo benki yako imeshajenga nyumba wapi?"

"Kusini, dada yangu. Nyingi sana, kusini."

"Kusini ni mbali. Huko kusini hata mimi nina ngamia." Watu wakacheka tena, na kicheko cha safari hii Miludi hakukipenda. "Sikia. Mimi nina msingi pale juu ya mto. Marehemu mume wangu aliuchimba, kisha akafa, sasa kuku ndio wapangaji wangu, na mimi na wanangu tunalala kwa shemeji, kwenye ghala la majani. Jenga hiyo nyumba moja tuione kwa macho. Paa likikaa tu, bonde zima linafungua faili. Si kweli, mukadamu?"

"Kweli kabisa," alisema Bassou, bila kutikisa hata sharubu moja.

Bonde zima! Miludi akameza mate. "Gharama yake?"

"Gharama gani?" Bassou akashangaa. "Udongo upo. Magogo ya paa watu wataleta kutoka mtoni. Kazi ni twiza, kila mtu anakuja kumjengea mwenzake, hakuna anayelipwa ujira. Wewe ni kuita tu."

Twiza Miludi aliijua, aliwahi kuisoma shuleni: watu wa milimani wanajengeana bure. Aliwatazama kwa huruma. Watu wa namna hii, alijiambia, ni dhambi kuwaacha bila kuwaibia; atatokea tapeli asiye na utu awamalize.

Akanyoosha tai, akapaza sauti: "Mimi, Miludi, nimeita twiza!"

Shangwe iliyopigwa ilizidi kimo cha maneno yenyewe. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee mmoja kipofu alilia. Jambo la ajabu kuliko yote, Haji Bnaser alitabasamu, akaingia ndani haraka, akasikika akimwagiza dereva wa lori sukari.

Asubuhi walikuja. Walikuja na punda, mbao, makarai na michi ya kupondea udongo, wakiimba. Udongo ulimiminwa kati ya mbao, vijana wakapanda juu yake wakauponda mpaka ardhi ikatetemeka. Miludi alisimama kando, mikono nyuma, akitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Jua lilipopanda kidogo, wimbo ukakatika. Watu wote wakaweka vyombo chini, wakaketi, wakamgeukia yeye. Wakamtazama.

"Kuna nini?" aliuliza pole pole.

"Wanangoja chai," alisema Itto. "Na mikate, na siagi. Kifungua kinywa."

"Kinatoka kwa nani?"

"Kwa aliyeita."

Miludi akacheka. Alicheka peke yake.

"Na mchana," Itto akaendelea, "ni nyama. Usihangaike na kupika, wanawake tupo. Wewe leta kondoo tu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka paa, kaka. Kwani kwenu wajenzi mnawasimamishia wapi, dirishani?"

Angeweza kukimbia. Lakini lori lilikuwa limeshuka, na bonde zima lilikuwa bado halijafungua faili. Akapiga hesabu kichwani kama mtu wa benki kweli: kondoo wachache, sukari kidogo, kisha ada za kaya zote zile. Akajificha nyuma ya ukuta, akafungua kiuno, akaenda kwa Haji Bnaser.

"Karibu, benki!" alisema Haji. "Sukari imepanda bei."

"Lini?"

"Ulipokuwa unavuka barabara."

Ukuta ulipanda, na tumbo la Ait Uzru lilipanda nao. Siku ya kwanza walikuja wanakijiji. Kisha wakaja wa kijiji cha ng'ambo, maana binamu hamwachi binamu yake aponde udongo peke yake. Akaja mwalimu wa shule na darasa lake. Alikuja babu asiyeweza kunyanyua hata kijiko, akapewa kazi ya kuuangalia ukuta usiende popote, naye akala kama waliouponda. Kisha ikanyesha mvua. Kazi ikasimama ili udongo ukauke. Kula hakukusimama.

"Lakini leo hakuna aliyefanya kazi!" Miludi alilalamika.

"Tunangoja ukuta," alisema Bassou akitafuna. "Kungoja nako kuna njaa yake."

Simu ililia. Ghizlane.

"Maulidi hii hapa, Miludi. Mama anauliza, umefika wapi na nyumba?"

"Kuta zimesimama, mpenzi," alisema Miludi, na kwa mshangao wake hakuwa amesema uongo.

"Kuta? Si tulisema ghorofa ya tatu, tayari imejengwa?"

"Mtandao unakatika huku," alisema Miludi, akaukata.

Kiuno kilikuwa kinapungua kila jua likichomoza. Kila asubuhi alijiapiza kwamba leo ndiyo mwisho, na kila asubuhi aliutazama ukuta ulivyokaribia kumalizika, akaona ni upumbavu kuacha pesa zilizokwisha kuliwa ziende bure. Kwa hiyo akaongeza nyingine zikaziangalie zile za kwanza. Ndugu zangu, maneno hayo hayo ndiyo aliyokuwa akiwaambia wateja wake wa viwanja.

Paa likakaa. Magogo yakapangwa, matete yakatandikwa juu, udongo ukashindiliwa. Siku hiyo alichinjwa kondoo wa mwisho, kwa pesa ya mwisho. Miludi akavaa tai, akaweka meza mlangoni, mkoba wazi, mhuri tayari, akaketi. Watu wakapanga mstari.

Wa kwanza akaja, akambusu bega, akasema, "Mungu akuzidishie," akapita. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akamletea mkate. Yule kipofu alimpapasa uso mzima ili amkumbuke.

"Na faili?" Miludi alipiga kelele. "Ada ya faili! Mukadamu! Tulikubaliana!"

Bassou alikuja taratibu, akajipangusa mafuta ya nyama masharubuni.

"Faili la nini, mwanangu?"

"La mkopo! Mkopo wa kujengea nyumba!"

"Mafundi tunao. Udongo tunao. Magogo unayaona mtoni. Sisi kinachotushinda ni kulisha. Mjane atapata wapi kondoo wa kulisha bonde? Kwa Haji?" Haji Bnaser, aliyekuwa hapo pembeni na mfupa, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Basi akaja mtu mwema akalisha. Nyumba hii hapa. Sasa tukope ili iwe nini?"

Miludi akakodoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Mlijua," alisema. "Toka lini?"

"Toka kwenye kreti," alijibu Itto. Hakuwa akicheka. "Kaka, benki ya kweli haiji kwetu. Sisi tumeifuata miaka yote, na kila tukikaribia inasogea. Ulipotufuata mwenyewe tulijua benki huna. Lakini upande mmoja wa fulana yako ulikuwa umevimba, tukajua kitu unacho."

"Nitawashitaki!"

"Fanya hivyo," alisema Bassou. "Mwambie hakimu wewe ni benki gani."

Miludi akafunga mkoba. Lori lilikuwa likinguruma sokoni, tayari kushuka, na dereva alitaka nauli mkononi. Miludi akapapasa kiuno, akakuta kiuno tu. Akajikaza, akamfuata Haji Bnaser, mkopeshaji pekee wa bonde lile.

"Haji, nikopeshe nauli tu. Mpaka Meknes."

Haji akamkagua kutoka tai hadi viatu. Alikuwa amekula pesa zake zote, lakini biashara ni biashara.

"Una mshahara?"

"Haji!"

"Una shamba? Kondoo? Ukoo?" Akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Mtu hana hata kuku. Una mdhamini?"

Miludi akageuka. Watu wa Ait Uzru, walioshiba kwa mkono wake, walitazama viatu vyake.

"Mimi namdhamini," alisema Itto.

"Wewe?" Haji akacheka. "Mwaka jana nilikunyima mafuta ya taa."

"Mwaka jana nilikuwa mjane wa ghalani. Leo nina nyumba. Igeukie uitazame vizuri, nikuoneshe na dirisha?"

Haji akaigeukia. Akaupiga ukuta teke kidogo, ukuta haukujali. Akatoa nauli.

Lori liliteremka kona baada ya kona, Miludi kakaa juu kati ya kondoo wanaopelekwa mjini, nao wakimtazama kama wanaomfahamu. Njia nzima alitunga uongo. Aliutunga wa ajali, akautunga wa majambazi, akautunga wa kaka yake kulazwa, na hana kaka. Kila mmoja aliutazama ulivyokaa, na kila mmoja aliuona umechakaa. Ghizlane alikuwa ameshausikia. Mwishowe akafikia jambo ambalo hakuwahi kulifikiria maisha yake yote. Atasema kweli.

Simu ikalia.

"Miludi! Mama yupo hapa, na kaka zangu wote wapo. Pesa ya nyumba iko wapi?"

"Ghizlane," alisema, na sauti ikamtetemeka kwa ugeni wa kazi yenyewe. "Nisikilize. Pesa yote nimeijengea nyumba. Naapa kwa Mungu. Nyumba nzuri, mlimani, juu ya mto."

Sauti ya Ghizlane ikalainika, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu Ramadhani.

"Umetujengea nyumba?"

"Siyo sisi hasa."

"Amejengewa nani?"

"Itto."

"Itto ni nani?"

"Ni mjane mmoja," alisema Miludi, bingwa wa maneno, mtu aliyewahi kumuuzia mwenye kipara shampuu. "Mtu mwema sana. Hata nauli ya kurudi, yeye ndiye kanidhamini."

Kondoo mmoja akalia. Huko Meknes kiti kilisikika kikisukumwa nyuma.

"Mama!" Ghizlane aliita. "Mama, njoo usikie! Waite na kaka! Kumbe anaye mwingine, na kamjengea!"