Ombi la Kufutwa Kwenye Orodha ya Hazina Hai

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Hazina za Utamaduni.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na unafanya kazi yako bila kuzuiwa, maana mimi mwenzio nimezuiwa. Mimi ndiye yule mama mfinyanzi mliyemvisha nishani mkamtangaza Hazina Hai. Siku ile nililia kwa furaha mbele za watu, wala sioni haya kusema. Leo naandika kuomba mnifute. Sababu ni hizi:

1. Karani wako alikuja nyumbani kunisajili, na bila shaka alikuwa ameishiwa fomu za watu, maana alinijaza kwenye fomu ya vitu. Nakala ninayo. Urefu wangu umepimwa pamoja na kilemba. Penye "mwaka wa kutengenezwa" kaandika mwaka niliozaliwa. Penye "hali ya kitu" kaandika: nzuri, ina nyufa ndogo upande wa nyuma. Jamani! Nyuma yangu kulikuwa na mtungi. Naomba ofisi ithibitishe kwa maandishi kwamba nyufa ni za mtungi.

2. Chini ya fomu kuna masharti: kisiloweshwe, kisianikwe juani, kisihamishwe bila kibali. Mkamwana wangu, mke wa kijana wangu wa kwanza, ni mtu wa kushika sheria. Ameyabandika jikoni. Nikigusa ndoo ya maji ananipokonya, nikitoka uani ananirudisha kivulini. Sasa mfinyanzi asiyelowa afinyange nini, Mheshimiwa? Upepo?

3. Mzee wangu. Miaka arobaini na sita ya ndoa hakuwahi kuuliza chungu kinatengenezwaje. Tangu nishani ije, anavaa koti asubuhi na mapema, anakaa mlangoni na kuwaeleza wageni siri za ufinyanzi. Juzi nimemsikia akiwaambia walimu wawili kwamba chungu huchomwa kwanza, ndipo hufinyangwa. Walimu wakaandika. Sikumsahihisha kwa sababu alikuwa na raha zake, lakini iliniuma.

4. Hili ndilo lililonikalisha chini niandike. Kokoto yangu ya kusugulia vyungu, niliyoachiwa na mama, mliichukua mkaiweka kwenye kabati la kioo. Nikavumilia. Kisha mkalizungushia uzio shimo la udongo, eti lihifadhiwe, kwa kuwa ndipo Hazina Hai anapochimba. Getini mkaweka mlinzi, baba mtu mzima mwenye masharubu na daftari. Nilipofika na jembe akanisomea sheria: hakuna ruhusa kwa mtu yeyote kuchimba. Nikamwonyesha nishani. Akanipigia saluti, kisha akanizuia.

Huu mwezi wa tatu sijashika udongo. Hapa naomba tusitaniane. Nina miaka sabini na miwili. Vidole hivi visipofanya kazi vinakakamaa, asubuhi hata kifungo kinanishinda. Na sina wa kumwachia kazi hii: binti zangu walikataa, wajukuu wanasema udongo unaharibu kucha. Nikikaa hivi mpaka mwaka uishe mtabaki na nishani na kabati, ufinyanzi hamna. Naogopa, Mheshimiwa.

Katika hotuba yako ulisema mmechoka kuwaenzi watu wakiwa wameshakufa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Kumbe mlikusudia kutuenzi tukiwa hai kwa taratibu zilezile za maiti! Kwa hiyo naomba mojawapo ya haya: mnifute, mng'oe uzio, na mlinzi mumhamishie mbali, au, kama orodha yenu haifutiki, mnitangaze marehemu. Marehemu walau hakuna anayemzuia kuingia udongoni.

Nisalimie karani wako, na dereva aliyebeba lile kabati, na aliyekuandikia hotuba, na wote wa nyumbani kwako bila kumsahau hata mmoja. Mzee anakusalimu sana, anauliza mtakuja lini tena na kamera.

Kwa heshima nyingi na hasira kiasi,
Mfinyanzi,
Hazina Hai Namba Saba (kwa sasa)

Nyongeza: Barua hii imekaa siku tisa kwa kukosa wa kuipeleka posta. Siku zote hizo nilikuwa nakwenda getini kumgombeza mlinzi, nikimweleza udongo ni nini, maana haiwezekani mtu alinde kitu asichokijua. Siku ya nne akaniuliza udongo mzuri unajulikanaje. Siku ya sita nikakuta ndoo imejaa udongo mlangoni kwangu. Sijui imetoka wapi, na wewe usiulize. Jana, saa yake ya mapumziko, alikuja uani, akavua kofia, akafinyanga chungu chake cha kwanza. Kimepinda, mdomo unatazama kwa jirani, lakini kimesimama. Akaomba kesho aje tena. Mheshimiwa, miaka thelathini nimengoja mtu aniombe hivyo. Basi uzio uacheni, tena ikiwezekana uongezwe, na mlinzi huyu asihamishwe hata akiomba mwenyewe. Kama ni lazima ahamishwe, subirini kwanza ajue kuchoma. Ni suala la miaka mitano tu.