Walivyoniita Mkereketwa

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Kwenye ubao wa tawi la chama hapa Kihanga kuna orodha mpya, mwandiko wa katibu wetu, Mzee Elipidius. Majina matano. La tatu: "Mudathir wa duka la vitenge, mkereketwa." Mkereketwa! Deodatus, mnunuzi wa kahawa anayekimezea mate kiti changu cha ujumbe, alikuwa nyuma yangu. Akanipa pole. Pole ya nini?

Jumanne, 5 Agosti
Nimefungua kamusi. Kukereketa: kuwasha kooni, kuudhi. Kumbe mimi ni mtu aliyeudhika! Mlalamikaji! Nani kawaambia? Kweli mwezi wa sita nilisema viti vya mkutanoni vimevunjika, lakini nilisema polepole. Mke wangu Nasreen anashauri nimuulize tu katibu. Nimuulize? Si ndicho wanachosubiri! Nimefunga duka saa tisa. Mteja akikohoa nashtuka.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepeleka barua. Kurasa mbili. Nimeapa kwamba sikereketwi, sijawahi kukereketwa, wala nyumbani kwangu hakuna anayekereketwa. Mzee Elipidius aliisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza kama nina hakika. Nikamjibu, asilimia mia. Akachukua kalamu, akalikata jina langu. Ushindi! Deodatus akanishika mkono, akasema nimefanya jambo la busara sana.

Mbona alifurahi vile?

Ijumaa, 8 Agosti
Bibi Renatha, aliyeimba kwaya ya chama tangu usichana wake, alikuja kutafuta kitenge. Nikamwamkia, nikamsimulia ushindi wangu. Akaketi juu ya robota.

"Mwanangu, umefanya nini? Mkereketwa ni yule ambaye chama kinamuuma rohoni. Wakikigusa, anawashwa yeye. Sisi tukiitwa hivyo tulikuwa tunalia kwa furaha!"

Akaniambia wale watano wa ubaoni ndio watakaompokea mgeni wa mkoa kule Kayanga na kuketi meza kuu. Nafasi yangu kapewa nani? Deodatus! Nilikimbia hadi kwa katibu. Akasema majina yameshapelekwa wilayani, na barua yangu pia, kama kiambatanisho.

Sikula. Nasreen alifunika sahani yangu, akaenda kulala.

Jumapili, 10 Agosti
Mapokezi yamefanyika. Nilisimama juani, nyuma ya spika. Deodatus alitambulishwa kuwa mkereketwa wa kupigiwa mfano. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, nisije nikaonekana nimenuna.

Jumatatu, 11 Agosti
Mambo yamegeuka! Nilipopita stendi, madereva wa bodaboda waliangua kelele: "Chawa! Chawa mkuu huyo! Kakatwa jina, bado anawapigia wakubwa makofi!" Mtu mwingine angekasirika, akaanza kufikiria wadudu. Mimi nimeshajifunza: neno la siasa halisomwi kwenye kamusi. Kama kuwashwa ni heshima, basi mwenye kuwasha ni mkubwa zaidi. Nikawapungia mkono, wakashangilia mpaka mmoja akadondosha helmeti.

Nasreen ananisihi nimuulize kwanza mtu. Nimekataa. Fundi wa maandishi keshapokea oda: fulana ya kijani, herufi kubwa kifuani na mgongoni, CHAWA MKUU, KIHANGA. Jumamosi naivaa mkutanoni, na nitaketi mbele.