Meza Iliyomfuata Baba Mkwe

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya baba mkwe. Nipo kafe ya intaneti hapa Karatu, vumbi la mbao bado liko kichwani, na naandika haraka kabla mke wangu Martha hajawasimulia yeye.

Mnaikumbuka mashine yangu ya kuchonga maandishi kwenye mbao, ile niliyoiunda kwa mota mbili za servo nilizochomoa kwenye mtambo mbovu. Na mnakumbuka wiki iliyopita nilivyowaringia humu kwamba nimeshairekebisha. Mota ya servo inajua iko wapi na inatakiwa iwe wapi. Ikipotoka, inajirudisha. Ukiipa nguvu kidogo inazembea, ukizidisha inatetemeka mpaka meno yanakuuma. Mimi nilizungusha viskrubu siku nne nzima: nguvu ya kusukuma arobaini na mbili, breki ya kuituliza kumi na tano. Ikatulia kabisa juu ya meza yake. Mmoja wenu akaniuliza, "Meza umeifunga sakafuni?" Nikamjibu meza yangu haihitaji. (Ndiyo, ni wewe. Nisamehe.)

Sasa, leo asubuhi baba mkwe alikuwa anakuja kutoka Kansay. Ni mzee wa kanisa, na kanisa lao linataka mlango wenye maandishi. Miaka mitatu anaiita mashine yangu "mchezo wa mume wa Martha". Nilitaka kazi ile, lakini zaidi nilitaka aache kuiita mchezo.

Nikafagia karakana. Nikapanga mbao. Halafu nikayaona magunia mawili ya maharage juu ya ubao wa chini, ule unaounganisha miguu ya meza. Maharage hayo alituletea yeye mwenyewe baada ya mavuno. Nikawaza, mkwe akikuta chakula alichotupatia kimelala kwenye grisi, ataniona sina adabu. Nikayabeba mpaka stoo, moja moja, kwa mgongo wangu huu. (Kichwa nilikiacha kipumzike.)

Mzee akafika, akaketi, fimbo magotini.

"Haya mwanangu, tuone."

"Itaandika KARIBU, baba."

Nikawasha. Mguu wa kwanza wa K ukatoka vizuri. Mota ilipogeuka, meza ikayumba nayo. Mota ikaona imepotoka, ikajirudisha. Meza ikayumba upande wa pili. Mota ikajirudisha tena, safari hii kwa hasira. Karakana nzima ikanguruma, na meza ikaanza kutembea.

Ikamwendea mkwe wangu. Akasogeza kiti nyuma, ikamfuata. Akasogeza tena, ikamfuata, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Mimi nimeikumbatia kwa nyuma, naburutwa. (Swichi ilikuwa upande wake.)

Martha akaingia, akachomoa waya.

"Si ungeyaacha tu yale maharage ya baba," akasema. "Ndiyo yalikuwa yanaishikilia."

"Maharage yangu?" mzee akauliza.

Ikabidi niseme yote, hadi grisi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee akainuka kitini. Kisha akaizunguka meza, akaitikisa kwa mkono mmoja.

"Ng'ombe wakivuta haro nyepesi ya kuvunja mabonge shambani, inarukaruka tu," akasema. "Sisi tunampandisha mtu juu yake." Akavua kofia, akainama, akajipenyeza chini ya meza na kukaa pale kwenye ubao wa magunia, fimbo imetokeza nje. "Washa."

Nikawasha huku nasali. KARIBU ikatoka safi, herufi zote, na unga wa mbao ukimdondokea mzee mabegani. Nilipozima, hakutoka.

"Ongeza jina la kanisa," akasema kutoka kule chini. Nikaongeza. Alipotoka alipitisha kidole kwenye maandishi mara mbili. "Mlango utauchonga wewe. Nitakuja kukaa mwenyewe, maharage yapikwe."

Nimefurahi mpaka naona aibu kufurahi. Kwa hiyo mlioniomba vipimo vyangu, andikeni: nguvu arobaini na mbili, breki kumi na tano, baba mkwe mmoja.