Mfungo wa Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya mfungo kanisani. Wenzangu wamefunga kula. Mimi nimefunga umbea! Mchungaji kanishika mkono, akasema utamu wa kusengenya ni wa dakika moja, thawabu ya Mungu haina mwisho. Nilisisimka. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Ataona.

Jumanne, 4 Machi
Wateja wamekuja na habari za motomoto. Nimeguna tu. Jioni kaja Seremala, rafiki yangu, mwimbaji kiongozi wa kwaya yetu. Namnyoa, akaniambia sikio la kushoto limekufa, la kulia linafifia. Akanisihi nisimwambie mtu. Tangu afiwe na mkewe, kwaya ndiyo faraja yake. Nikaapa, wembe mkononi. Ee Mungu, habari kama hii, wiki hii?

Alhamisi, 6 Machi
Siri imenivimbisha tumbo. Nimepata njia! Kuomba si kusengenya. Seremala hakuja mazoezini, basi wakati wa maombi nikaomba kwa machozi, tumkumbuke ndugu yetu mmoja, masikio yanamfia. Jina sikutaja. Mwalimu wa kwaya akauliza ni nani. Nikasema siwezi kumtaja, ila anapiga randa. Wote wakanigeukia. Raha iliyoje! Ikaisha kabla ya amina.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu wa kwaya kamwondoa Seremala kwenye wimbo wa Jumapili. Nafasi kanipa mimi. Nilikataa, ila kimoyomoyo. Mchana Seremala kaingia saluni. Hakufoka. Alisema tu, "Ndugu yangu, nilikwambia wewe kwa sababu ulisema umefunga." Jioni nikamsimulia mke wangu, hakucheka. Heri angecheka.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi nimemfuata karakanani. Nikaomba msamaha kwa kunong'ona, hakusikia. Ikabidi nipaze sauti, mtaa mzima ukasikia. Akanisamehe! Akaniambia lililo zito zaidi: anaogopa kimya kikishamfunika, ataisahau sauti ya marehemu mkewe. Nilitoka nalia. Kwa utamu wa dakika moja nimemwumiza mtu aliyeniamini, na thawabu yangu nimeitupa mwenyewe. Sirudii!

Ila toba nusu si toba. Kesho ibadani nitaomba kipaza sauti nitoe ushuhuda. Nitaeleza yote: masikio, kwaya, hata hili la marehemu aliloniambia leo.

Kanisa zima litalia!